Shimo la Saba

Neno "muda" ni la kuogopwa. Mwulize yeyote aliyekuwa na nyumba mjini kabla ya tetemeko. Waliambiwa watakaa kwenye mahema kwa muda, wakakaa mpaka mahema yakaoza. Wakahamishiwa kwenye vyumba vya bati katika uwanja wa mpira, kwa muda vilevile, na mwaka huu ni wa saba. Viwanja vyao vilivyobaki vitupu katikati ya mji, kama mapengo kinywani, vikapigiliwa kibao cha bluu: MATUMIZI YA MUDA. Palipokuwa na duka la dawa siku hizi pana turubai la kukodisha kwa sherehe. Pale ghorofa tatu zilipowafunika watu kumi na tisa, sasa wanaosha magari. Mwanzoni watu walikuwa wakifika hapo wanavuka upande wa pili wa barabara kwa heshima. Siku hizi wanapeleka pikipiki zao zikasuguliwe.

Kiwanja kimoja, katika mtaa wa nyuma ya soko, kimetumika kwa muda mara nne. Mwaka wa kwanza yaliwekwa matenki ya maji, na foleni ikazunguka mpaka kwenye kona. Wakaja wauza mitumba. Wakaja vijana wa mpira, goli moja likakaa palipokuwa jiko, la pili palipokuwa chumba cha kulala. Sasa ni maegesho ya magari, na tajiri wa maegesho amepata kibali cha kusimika nguzo kumi na mbili na kuezeka mabati juu yake, magari ya watu yasiungue jua. Wenye nyumba hawajapata paa, lakini magari ya watu wengine yamepata. Kazi ya nguzo alipewa fundi mwashi anayeitwa Timazi, na kiwanja chenyewe ni cha dada yake.

Jina la Timazi, kile chombo cha kupimia unyoofu wa ukuta, alipewa na mafundi wenzake. Walisema ukuta wake hauhitaji kupimwa kwa uzi, na mwenyewe hana konakona. Watu walipomuuliza moyo ameupata wapi wa kuchimba pale, alijibu kwamba nguzo zitasimikwa na yeye ama na mtu mwingine, na huyo mwingine atazipinda. Lilikuwa jibu zuri. Mtu mwenye jambo moyoni hakosi jibu zuri, maana amekuwa akiliandaa kwa miaka.

Tetemeko lenyewe halikumaliza hata dakika. Wahandisi wa mji walikuwa wanne, mmoja alifia ofisini, na nyumba za kukagua zilikuwa maelfu. Halmashauri ikawakusanya mafundi waashi wenye sifa, ikampa kila mmoja ndoo mbili za rangi na brashi. Kijani, nyumba inakalika. Nyekundu, alama ya kosa kama ile ya mwalimu wa hesabu, nyumba inabomolewa. Na kanuni ilikuwa moja, mhandisi aliirudia mpaka ikawachosha: ufa usiuamini kwa macho. Kwangua lipu kwa mwiko, uone kama tofali lenyewe limepasuka. Lipu ni poda tu ya usoni, hupasuka hata kwa jua kali. Tofali likipasuka na kiungo kikiachia, hapo nyumba imekufa, ipakeni nyekundu.

Timazi alipaka nyumba arobaini na moja. Arobaini alizikwangua. Ambayo hakuikwangua ilikuwa ya dada yake.

Huyu dada ndiye aliyekuwa mama yake pia. Wazazi walipokufa Timazi alikuwa na miaka sita, Dada kumi na tisa. Alimlisha na kumsomesha kwa cherehani ya kukanyaga, akamlipia mafunzo ya uashi, na alipoiva kidogo akampa kazi yake ya kwanza: nijengee nyumba. Timazi akiwa na miaka ishirini na miwili akajenga. Na akaiba.

Aliiba mifuko sita ya simenti, katika stoo ambayo ufunguo alishika yeye mwenyewe. Aliiuza apate redio na viatu vya ngozi vya kumwonyesha msichana fulani, ambaye aliviangalia viatu vizuri sana kisha akaolewa na dereva wa lori. Ili simenti iliyobaki itoshe, akamwagiza saidia fundi wake achanganye mfuko mmoja kwa toroli tano za mchanga badala ya tatu. Kuta zilisimama, paa likakaa, Dada akahamia. Redio ilikufa kabla rangi ya milango haijakauka. Lakini zile toroli mbili za mchanga wa ziada hazikumtoka Timazi kichwani. Kwa miaka ishirini na sita, kila mvua kubwa ilipopiga, roho yake ilikimbilia kwenye nyumba ile.

Kwa hiyo siku alipofika na ndoo zake na kuona ufa umeshuka kutoka kona ya dirisha mpaka sakafuni, yeye hakuona lipu. Aliona mifuko sita. Mwiko ulikuwa mfukoni na hakuutoa, kwa sababu aliogopa akikwangua mbele ya dada yake mchanga utamwagika kama unga, na kila kitu kijulikane. Dada alikuwa amesimama mlangoni, vumbi bado limemganda kwenye nyusi.

"Umeangalia vizuri?" alimuuliza.

"Nimeangalia, Dada."

"Basi, kama ni wewe uliyesema."

Akachovya brashi, akachora alama ya kosa, mstari huku na mstari huku, miguu yake ikafika karibu na sakafu. Tingatinga lilikuja siku ya tatu. Nyumba ile haikumuua hata panya, na ikabomolewa Dada akiwa amesimama ng'ambo ya barabara ameshika ufunguo wa mlango ambao haukuwepo tena. Majirani wakamsifu Timazi: huyo ndiye fundi, hakumpendelea hata dada yake wa damu. Sifa hiyo ilimpa kazi miaka saba mfululizo. Mwaka ule kila mtu alikuwa na methali moja mdomoni, usipoziba ufa utajenga ukuta, na Timazi akiisikia tu alianza kuzungumzia bei ya misumari.

Sasa tuje kwenye nguzo. Mashimo sita yalichimbwa bila shida, siku mbili, kifusi tupu. Saidia wake alikuwa yule yule wa tangu nyumba ya Dada, mzee kumpita yeye mwenyewe, anayeitwa Karai kwa sababu amebeba karai maisha yake yote. Karai ni mtu wa maneno ya kuhesabu. Ukimuuliza habari, anakuambia zipo, basi.

Asubuhi ya siku ya tatu, kama saa nne hivi, sululu ya Karai iligonga kitu katika shimo la saba na sauti yake ikawa nyingine.

"Fundi," aliita. "Shuka."

Nyumba ya Dada ilikuwa chini ya usawa wa barabara. Kuingia ulishuka ngazi mbili. Tingatinga lilipokata kuta, kifusi kilisukumwa humo humo mpaka pakalingana na barabara, na hakuna aliyekumbuka kwamba katika kona moja kipande cha ukuta, kimo cha kiuno, kimebaki kimesimama chini ya udongo. Timazi alishuka, akapangusa kwa kiganja. Vilikuwepo vipande viwili vya rangi nyekundu, miguu ya alama aliyoichora kwa mkono wake. Na katikati ya miguu hiyo, ufa.

Akautoa mwiko mfukoni, miaka saba baadaye, akakwangua.

Lipu ilidondoka vipande vipande. Nyuma yake tofali lilikuwa zima. Akaufuata ufa kwenda chini, tofali la pili, la tatu, yote mazima, kama yamewekwa jana. Akachomeka ncha ya mwiko kwenye kiungo, pale mchanga wake ulipotakiwa kumwagika. Mwiko ukateleza. Akaomba msumari na nyundo, akapiga. Msumari ukapinda.

Alikaa kitako ndani ya shimo. Hakuelewa, maana ukuta ule hakuujenga hivyo. Yeye ndiye aliyeagiza toroli tano. Lakini alichoelewa kilitosha. Nyumba ilikuwa nzima. Tetemeko lilishindwa kuiua, akaiua yeye, kwa brashi.

Sheria ya halmashauri ilikuwa na kurasa nyingi za kusema hapana na mstari mmoja wa kusema ndiyo. Mstari huo kila mkazi wa uwanja wa mpira aliujua kwa moyo: mwenye kiwanja atarudishiwa kiwanja chake mara moja ikithibitika alama nyekundu iliwekwa kwa makosa, kwa ushahidi uliopo mahali penyewe na kwa kauli ya aliyeiweka. Aliyeiweka huyu hapa shimoni. Ushahidi huu hapa, una rangi yake juu. Na saa tisa alasiri afisa ardhi alikuwa anakuja kukagua mashimo na kusaini. Akisaini tu, kiwanja kinahesabiwa kimeendelezwa, na tajiri anapewa miaka ishirini. Hiyo ishirini nayo ingeitwa ya muda, na Dada alikuwa na miaka sitini na minane.

Alichotakiwa kufanya Timazi ni kukaa pale pale. Aketi juu ya kifusi, anywe maji, amngoje afisa, aseme: nilikosea, huu hapa ukuta. Kazi ya mtoto mdogo. Lakini akafikiria zile nyumba arobaini nyingine, na wenyewe wakija mmoja mmoja kumuuliza, na yetu je? Akafikiria jina lake. Halafu akajiambia kwamba Dada hawezi kusikia habari hii kwa watu, lazima aisikie kwake kwanza. Hilo lilikuwa kweli, ila halikuwa kweli yote. Alitaka asamehewe kwanza ndipo akiri.

Alipotoka shimoni alimwambia Karai, "Funika mabati hapa. Shimo hili asilione mtu mpaka nirudi."

Karai aliutazama ukuta, akamtazama yeye, akautazama tena ukuta.

"Nimekuelewa, fundi."

Timazi hakumuuliza ameelewa nini. Alikuwa ameshaanza kwenda.

Chumba cha Dada uwanjani kilikuwa namba mia mbili na kumi na mbili, namba ilipigwa kwa rangi nyeusi kubwa kuliko mlango. Bati juu, bati ubavuni, na kufikia saa tano humo ndani mshumaa ungeinama wenyewe. Alimkuta amekaa kwenye kitanda karibu na mlango anashona shuka lililochanika. Mikono yake ilikuwa na mipasuko ya dawa za kufulia, kumbukumbu ya miaka ishirini na moja ya kufua mashuka ya hospitali. Ukutani, kwenye msumari, ulining'inia ufunguo.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Leo si siku yako. Kafa nani?"

"Hajafa mtu."

"Basi kaa hapo kwenye ndoo. Usiegemee bati, litakubabua."

Akakaa. Dada uzi ulikuwa umemwishia. Akakata mwingine, akaulamba ncha, akauingiza kwenye tundu la sindano kwa mara moja, bila kukunja uso. Timazi aliona, lakini wakati huo kichwa chake hakikuwa kwenye sindano.

"Dada, nyumba yako ilikuwa nzima."

Sindano ikasimama.

"Leo nimechimba shimo la nguzo, nimekuta ile kona ya dirishani. Ufa ulikuwa kwenye lipu tu. Sikukwangua siku ile. Nilikudanganya."

Nje mtu alikuwa anapiga deki, na maji yakaingia kidogo chini ya mlango.

"Arobaini ulikwangua," Dada alisema. "Watu wote wanasema Timazi alikwangua. Yangu ilikuwa na nini?"

"Niliogopa."

"Ukuta?"

"Nilichokifanya mimi." Na hapo yakamtoka, kama mtu anayetapika: stoo, ufunguo, mifuko sita, redio, viatu, toroli tano. Miaka thelathini na mitatu aliyaweka kifuani, na kuyasema hayakuchukua hata dakika mbili. "Nilijua nyumba yako nimeijenga kwa mchanga, Dada. Nilipoona ufa nikasema ndiyo hii imefika."

Dada akamaliza mshono aliouanza, akafunga fundo, akakata uzi kwa meno.

"Sita," alisema. "Najua. Ulifikiri mimi nitajenga nyumba nisihesabu mifuko yangu?"

Timazi akamkodolea macho.

"Nilikuwa nawaletea chai asubuhi. Siku moja nikaona mchanganyo umekuwa mweupe mweupe. Nikamuuliza Karai, akaangalia chini. Karai akiangalia chini ujue ameshasema. Nikanunua mingine sita. Kila asubuhi kabla hujafika namwaga mwenyewe kwenye mchanganyo mkavu, Karai anageuza na koleo mpaka unarudi rangi yake. Nikamwapisha asikuambie."

"Mimi fundi, Dada. Ningeuona."

"Ungeuona kama ungeutazama. Siku zile ulikuwa unajenga umegeuza uso. Mimi nikadhani jua."

"Pesa ulipata wapi?"

"Niliuza cherehani."

"Si ulisema macho yamechoka? Kwamba daktari..."

Dada akaishika sindano juu, kwenye mwanga wa mlango, akachukua uzi akaupitisha tena kwa mara moja. Akamwonyesha.

"Macho yangu yana nini?"

Hapo ndipo Timazi alipoiona miaka ishirini na moja ya mashuka ya hospitali, damu za watu na dawa kali, na mikono ile iliyokuwa laini ya fundi wa nguo za maharusi. Yote kwa redio iliyokufa kabla rangi haijakauka. Aliona aibu mpaka akaikodolea sakafu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nimekulea mimi, nakujua unavyokimbia. Ulipovunja chungu cha jirani ulilala mtaroni siku mbili. Ningekuambia nimejua, ungehama mji. Nikasema simenti inanunuliwa, ndugu hanunuliwi."

"Na siku ile mlangoni?" Sauti ya Timazi ilipanda kama ya mtu aliyeonewa, na huenda kwa sekunde ile alijiona kweli ameonewa. "Ulijua ukuta una simenti! Ukaniacha nichore!"

"Nilikuuliza umeangalia vizuri."

"Dada..."

"Ukaniambia umeangalia. Nilijua ukuta una simenti, lakini nilikuamini wewe kuliko simenti." Alilikunja shuka mara mbili, akaliweka kando. "Mficha uchi hazai. Wewe umenificha, mimi nimekuficha, nyumba imekwenda. Huyo afisa anakuja saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Na wewe umekuja kukaa hapa unalia? Kwa nini hukubaki pale pale? Mimi ningesikia hata kesho, ningekufa?"

Hakuwa na jibu zuri safari hii. Dada akavaa viatu, akautoa ufunguo msumarini akauchomeka kifuani, kisha akamgeukia.

"Inuka. Utalia njiani."

Walitembea. Barabara ya uwanjani ilikuwa imefungwa kwa matengenezo ya muda, kwa hiyo hapakuwa na chombo mpaka karibu na soko, na goti la Dada halikuwa la kuharakishwa. Alipumzika mara mbili kwenye ukingo wa mtaro. Mara ya pili, bila kumtazama, aliuliza kama ile kona ni ya upande wa jiko au wa chumbani, Timazi akamwambia ya chumbani. "Nilipenda dirisha lile," Dada akasema, na Timazi akaona midomo yake inacheza, karibu kucheka. Alikuwa ameshaanza kupanga mahali pa kitanda.

Walifika saa nane na nusu. Timazi alitafuta kwa macho mabati aliyoagiza yafunike shimo la saba, akayaona yameegemezwa kwenye uzio. Penye shimo ilikuwa imesimama nguzo. Chini yake zege jipya lilikuwa linang'aa kwa maji, na Karai alikuwa amepiga magoti analisawazisha kwa mwiko, taratibu, kama anayepaka mtoto mafuta.

"Nimekumalizia, fundi," alisema. Kisha akamwona Dada, akaangalia chini.

"Karai, ukuta uko wapi?"

"Ulisema asilione mtu."

"Nilisema ufunike mabati!"

"Mabati huinuliwa, fundi." Alisema kwa upole, kama anamweleza mgonjwa. Akafungua viganja vyake, vimejaa malengelenge yaliyopasuka. "Ukuta gani ule! Nimeupiga kwa nyundo kubwa tangu ulipoondoka, unatoa cheche tu. Nimeusaga wote. Vipande nimevitia humo humo kwenye zege, kokoto zilikuwa zinapungua. Hata rangi haionekani."

Alikuwa anangoja ashukuriwe. Miaka thelathini na mitatu alimwekea Dada siri kwa ajili ya Timazi, na leo amemwekea Timazi yake, kwa mikono yake miwili na bila malipo ya ziada. Utamlaumu vipi mtu kama huyo? Timazi alimlaumu hata hivyo, alimtukana tusi ambalo hajawahi kumtukana mtu, na Karai akalipokea, huku haelewi kosa lake ni lipi.

Afisa ardhi alifika saa tisa kasoro dakika tano, na faili kwapani. Timazi alimwendea kabla hajafika kwenye shimo la kwanza, akasema yote, mbele ya walinzi wa magari na watu wawili waliokuwa wanasubiri gari lao. Alisema kwa sauti kubwa. Alilitaja na jina lake kamili, lile la kwenye orodha ya halmashauri. Miaka saba alikuwa akiuogopa wakati huo, na ulipofika haukuwa mgumu hata kidogo.

"Ushahidi uko wapi?" afisa aliuliza.

"Umo humo." Timazi akaonyesha zege.

"Naona nguzo."

"Huyu mzee ameuona ukuta. Muulize."

Afisa akamgeukia Karai. "Mzee, ulikuwepo ukuta humu, ukauvunja? Fikiri kabla hujajibu. Kuharibu ushahidi wa halmashauri ni kosa, mtu anafungwa."

"Sema, Karai," Dada alisema. "Kiapo changu kimekwisha leo. Sema."

Karai alimtazama Dada, akamtazama Timazi, akatazama faili. Akauficha nyuma mkono wake wenye malengelenge.

"Niliona mawe tu," alisema.

Afisa akashusha pumzi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na viwanja vinne vingine kabla ya jioni. "Fundi, watu wengi wananijia na majuto," alisema. "Sheria inataka kitu cha kuona. Majuto siwezi kuyabandika kwenye faili." Akakagua mashimo moja baada ya moja. Kwenye nguzo ya saba akatoa pima maji yake ndogo, akaibandika kwenye chuma, tone la hewa likatulia katikati kabisa. "Nyoofu," alisema. "Ndiyo maana wanakuita Timazi." Akasaini juu ya boneti ya gari la mtu, akaondoka.

Timazi alichukua koleo. Alilipiga kwenye zege mara moja, mara ya pili, likaingia kirahisi maana lilikuwa bado bichi, na alichochota kilikuwa uji wa kijivu wenye vipande vya tofali visivyozidi yai. Dada akamshika mkono.

"Acha. Utaniokotea nini humo?"

Akajikunja kwa shida kwa ajili ya goti, akachota zege kidogo kwa vidole viwili, akalisugua taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada, kama zamani alivyopima kitambaa kabla ya kukikata. Alilisugua kwa muda. Alijua mchanganyo, alijifunza asubuhi zile kabla mdogo wake hajafika kazini.

"Safari hii hukupunja simenti," alisema.

Akajifuta vidole kwenye gauni, akapita chini ya kibao cha bluu, akaanza kurudi uwanjani. Alikwenda polepole, na Timazi angeweza kumfikia kwa hatua kumi, lakini alibaki pale pale karibu na nguzo, koleo mkononi, mpaka Karai akamuuliza kama waendelee na shimo la nane.